Simfonia za Joseph Martin Kraus: santuri inayostahili kununuliwa

Kwa majuma kadhaa nimesikiliza santuri ya simfonia (tungo ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa) za mtunzi Joseph Martin Kraus, iliyotolewa na kampuni ya Naxos, ambayo Okestra ya Chemba ya Uswidi inaipiga chini ya uongozi wa Petter Sundkvist, nami naipendekeza bila kusita. Kraus alizaliwa Miltenberg, Ujerumani, mwaka 1756, mwaka uleule aliozaliwa mtunzi Mozart, akahamia Stockholm mwaka 1778, na baadaye Mfalme Gustav III wa Uswidi akamgharamia safari ndefu ya kujifunza Ulaya, ambako alikutana na watunzi Gluck na Haydn.

Hazina yenyewe ni simfonia ya C maina (ufunguo wa muziki wenye sauti ya huzuni), ambayo Kraus aliiunda upya kutokana na kazi yake ya awali ya C-shapu maina, akiiondoa minueti (sehemu yenye mwendo wa dansi) na kubakiza sehemu tatu tu. Inaanza polepole, sauti zikigongana kwa uchungu unaomkumbusha msikilizaji Gluck, kisha fidla zinaingia kwa kasi ambayo okestra hii, kwa kuwa si kubwa, inaipiga kwa wepesi na uwazi wa kupendeza, hata kila ala ikasikika. Sehemu ya kati ni tulivu mno. Mimi hurudia ya mwisho, yenye hamaki isiyopoa.

Gustav aliuawa mwaka 1792, Kraus akamtungia muziki wa maziko, naye akafariki Desemba mwaka huohuo kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 36.