Wayback Machine kwa ushahidi wa mitandaoni: inabeba wapi, inaangusha wapi

Kesi za siku hizi hazikosi posti. Tusi lililowekwa Facebook, makubaliano ya mkopo yaliyofanyika WhatsApp, tangazo la wizara lililobadilishwa kimyakimya usiku: yote hufika mbele ya jaji, na wakili wa upande wa pili huanza na swali lilelile, nani atathibitisha kwamba haya ndiyo yaliyokuwapo? Ndiyo maana wengi hukimbilia Wayback Machine, huduma ya bure ya kuhifadhi nakala za kurasa za wavuti, ya maktaba ya kidijitali iitwayo Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kuhifadhi ukurasa ili uje upokewe kama kielelezo.

Sifa yake kubwa ni kwamba mwenye kesi hana mkono ndani yake. Skrinishoti anaipiga mhusika mwenyewe, na anayejua kufungua zana za wasanidi kwenye kivinjari anaweza kugeuza "nitalipa" ikawa "sitalipa" ndani ya ukurasa kisha akapiga picha. Picha hiyo haitakuwa na alama ya kuhaririwa, kwa sababu kilichohaririwa si picha. Wayback inauvuta ukurasa kwa seva zake yenyewe na kuugonga muhuri wa muda.

Matumizi ni mepesi. Fungua web.archive.org/save, bandika linki kamili ya ukurasa, bonyeza kitufe, subiri. Ukijiandikisha, bila malipo, unapata nyongeza mbili zenye maana: kuhifadhi picha ya skrini pamoja na ukurasa, na kuletewa matokeo kwa barua pepe. Linki utakayopewa ina tarakimu 14 katikati. Kwa mfano, 20240315081530 ni tarehe 15 Machi 2024, saa 08:15 na sekunde 30, kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Hiyo UTC ndiyo huwavuruga watu: hati ya madai inasema posti iliwekwa tarehe 16, kielelezo kinaonyesha 15, na nusu siku ya usikilizaji inaishia hapo. Andika saa zote mbili kwenye maelezo yako tangu mwanzo.

Kisha fungua ulichohifadhi ukiwa kwenye dirisha faragha la kivinjari. Usiruke hatua hii. Mara nyingi utakuta ukurasa wa Facebook au Instagram umehifadhiwa vizuri kabisa, ila kilichohifadhiwa ni fomu ya kuomba jina na nywila. Seva za Wayback hazina akaunti huko, kwa hiyo kila kilicho nyuma ya mlango wa kuingia haziwezi kukiona. Maoni yanayojitokeza kadiri unavyoshusha ukurasa huachwa nje, na video mara nyingi hubaki kisanduku cheusi.

Kasoro nyingine haionekani kwa macho. Ukurasa wa wavuti ni mkusanyiko wa vipande, na Wayback huweza kuonyesha maandishi ya Machi pamoja na picha iliyovutwa Juni. Juu ya kila ukurasa uliohifadhiwa kuna sehemu ya maelezo kuhusu nakala hiyo, yenye orodha ya vipande na tofauti ya muda wa kila kimoja. Kama hoja yako inasimama juu ya picha au nembo, kagua orodha hiyo kabla wakili wa upande wa pili hajaikagua.

Mahakama zenyewe zimeipokeaje? Inategemea nani anaisemea. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili, moja ya mahakama za rufani za shirikisho nchini Marekani, ilikubali kurasa za Wayback kwa sababu mfanyakazi wa Internet Archive alitoa ushahidi jinsi mfumo unavyofanya kazi. Mwaka 2022 ile ya Mzunguko wa Tano ilisema jaji alikosea kuupokea ukurasa wa aina hiyo kana kwamba ni jambo lililo wazi lisilohitaji shahidi. Internet Archive hutoa hati ya kiapo ya kawaida kwa ada, na kwa madai yenye uzito ni afadhali kuiomba mapema. Kuchapisha ukurasa na kuuambatisha mkavu ni kubahatisha.

Pia usiichukulie kama sanduku la milele. Mwenye tovuti anaweza kuomba kurasa zake ziondolewe, na nakala uliyoitegemea ikaota mbawa. Oktoba 2024 huduma nzima ilivamiwa na wadukuzi, ikazimwa kwa siku kadhaa, na iliporudi ilikuwa ya kusoma tu. Aliyetaka kuhifadhi posti siku hizo aliambulia patupu.

Kwa kurasa za serikali, magazeti, tenda na matangazo ya umma, tunaipa 9 kati ya 10. Kwa posti za mitandao ya kijamii, 4, na hizo nne ni za kurasa zilizo wazi kwa kila mtu.

Kinachobaki lazima ukijazie mwenyewe. Hifadhi ukurasa wote kama faili pamoja na picha ya skrini inayoonyesha linki, kisha papo hapo chukua alama ya SHA-256 (kama alama ya kidole) ya kila faili kwa amri hizi, ukiweka jina la faili mahali pa "jina": certutil -hashfile jina SHA256 kwenye Windows, shasum -a 256 jina kwenye Mac. Utapata herufi na tarakimu 64. Nukta moja ikibadilika ndani ya faili, alama yote hubadilika. Iandike kwenye daftari la kielelezo pamoja na saa, kifaa na jina la aliyehifadhi. Lakini tuelewane: alama hiyo inathibitisha kwamba faili haijaguswa tangu ulipoipima. Kama uliyempiga picha alikuwa akaunti bandia, alama itailinda bandia hiyo vizuri sana.

Kwa Facebook, linki ya posti yenyewe hupatikana kwa kubonyeza muda ulioandikwa chini ya jina. Jina la akaunti halitoshi, maana hubadilishwa wakati wowote. Tafuta namba ya akaunti. X (zamani Twitter) ina zawadi yake: namba ndefu mwishoni mwa linki imebeba muda. Igawanye kwa 4,194,304, acha desimali, jumlisha 1,288,834,974,657, nawe una milisekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa UTC. Hesabu hii inafanya kazi hata kama posti imeshafutwa, mradi linki unayo, na ni kipimo kizuri cha kukamata skrinishoti yenye saa ya kubuni.

WhatsApp Wayback haiigusi kabisa. Nakala ya mazungumzo inayotolewa na programu yenyewe ina kikomo cha jumbe 10,000 ukiambatisha picha na sauti, 40,000 bila hivyo, na ni faili la maandishi matupu ambalo yeyote anaweza kulihariri. Tarehe zake hufuata mpangilio wa simu, hivyo 03/04 inaweza kuwa Machi au Aprili. Itumie kama msaada wa kusoma. Kielelezo ni simu yenyewe. Jumbe za kutoweka hufutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kwa hiyo angalia mpangilio huo kwanza kabla ya kupanga siku ya kumwona wakili.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa hatua. Hifadhi kwanza, ripoti baadaye. Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya, ikitegemea kwa kiasi kikubwa video zilizosambaa mitandaoni, zikiwemo za Facebook. Mwaka huohuo mitambo ya YouTube ilifuta maelfu ya video za vita vya Syria kwa kuziona ni maudhui ya itikadi kali. Ukibonyeza kitufe cha kuripoti kabla ya kuhifadhi, mtandao unaweza kuitikia ombi lako siku hiyohiyo, na kuirudisha posti baada ya hapo kutahitaji ombi rasmi la vyombo vya dola kwa kampuni husika, ikiwa bado wanayo.