Zotero kwa marejeleo ya makala ya jarida: uzoefu wangu

Anayeandaa makala ya kupeleka kwenye jarida huku bado anachapa marejeleo kwa mkono, moja baada ya jingine, anajitesa bure. Zotero ni programu huria ya kukusanya vyanzo na kupanga marejeleo, haina malipo, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani mwaka 2006, na mimi siandiki makala bila hiyo. Naipendekeza kwa moyo mmoja. Lakini wengi wanaoilalamikia hawajaelewa jambo moja: Zotero haijui kama taarifa zako ni sahihi. Inapanga kile ilichokikuta kwenye sehemu zake za kujazwa, kama za jina, mwaka na kichwa. Ikikuta uchafu, itaupanga uchafu huo kwa mikato na nukta zilizonyooka kabisa, nawe utadhani kazi imekwisha.

Kuingiza vyanzo ni rahisi. Kuna kitufe chenye alama ya kifimbo: bandika humo DOI (namba ya kudumu ya utambulisho) ya makala, ISBN ya kitabu au namba ya PubMed (hazina ya makala za tiba), bonyeza Enter, taarifa zinashuka zenyewe. Kitufe cha Zotero cha kwenye kivinjari nacho kinafaa, ila ukikitumia kwenye tovuti ya wizara au shirika, mara nyingi ripoti huhifadhiwa kama ukurasa wa wavuti. Aina hiyo haina sehemu ya mchapishaji, kwa hiyo hata ukimjua mchapishaji huna pa kumweka. Badilisha aina kwanza iwe ripoti, ndipo ujaze mengine.

Majina ndiyo yanayokula muda, hasa majina yetu ya Afrika Mashariki. Zotero hugawa jina mara mbili: la ukoo, na yanayotangulia. Taasisi ikiingia kwa mgawanyo huo, "Wizara ya Afya" hutoka kama mtu anayeitwa Afya. Pembeni mwa jina kuna kialama kidogo. Kibonyeze ili sehemu mbili ziwe moja, jina libaki zima.

Kuna na hili linalowachanganya hata wazoefu. Umerejelea makala mbili za mwandishi mmoja kwa mtindo wa APA, unatarajia kuona (Juma, 2018) na (Juma, 2021). Badala yake unaona (A. Juma, 2018) na (A. H. Juma, 2021). Programu haijaharibika. Jarida moja lilimwandika kwa herufi moja ya mwanzo, jingine kwa herufi mbili, Zotero ikaona ni watu wawili, na APA inataka watu wawili wenye jina moja la ukoo watofautishwe kwa herufi za mwanzo. Usifute herufi hizo ndani ya Word. Rudi kwenye maktaba yako, andika jina kwa namna ileile moja katika vyanzo vyote viwili, kisha bonyeza "Refresh" kwenye menyu ya Zotero ndani ya Word. Hapohapo herufi zinatoweka. Ukiona 2019a na 2019b ilhali chanzo ni kimoja, ujue umekiingiza mara mbili. Viunganishe kupitia orodha ya nakala rudufu. Usifute kimoja, maana ukifuta, dondoo (rejeleo la ndani ya matini) iliyokwisha kuingia kwenye andiko inabaki yatima.

Wanaorejelea vitabu vya Kiswahili waitazame sana sehemu ya lugha, ile ambayo karibu kila mtu huiacha tupu. Mitindo kama Chicago hukuza herufi ya kwanza ya kila neno kubwa katika kichwa cha kitabu cha Kiingereza. Sehemu ya lugha ikiwa tupu, Zotero hufuata lugha ya mtindo, na kitabu chako cha "Sarufi ya Kiswahili" kinatoka "Sarufi Ya Kiswahili". Andika sw kwenye sehemu hiyo na tatizo linakwisha. Vyanzo vya Kiingereza viandikie en, na vichwa vyake vihifadhi kwa herufi ndogo isipokuwa neno la kwanza na majina mahususi. Kuna amri ya kubadilisha herufi ukibofya kulia kwenye kichwa, lakini kagua baada yake, kwa sababu Tanzania inaweza kugeuka tanzania. Jina la kisayansi lizungushie alama za HTML, hivi: <i>Plasmodium falciparum</i>, nalo litalala mlalo.

Kwa majarida ya tiba yanayotumia Vancouver, mtindo wa marejeleo ya namba, ugomvi mkubwa ni vifupisho vya majina ya majarida. Ndani ya Word, kwenye mipangilio ya andiko, kuna kisanduku cha kutumia vifupisho vya MEDLINE, hifadhidata ya makala za tiba. Ukikiteua, Zotero haisomi tena kifupisho ulichokiandika wewe. Jarida la kwetu ambalo halimo kwenye orodha hiyo linaweza kutoka kwa kifupisho usichokitaka, au bila kifupisho kabisa. Mimi hukiacha bila alama na kujaza vifupisho mwenyewe.

Ukiandikia jarida la Kiswahili, mitindo iliyopo itakuletea "et al." na "In" katikati ya Kiswahili chako. Hapa Zotero inastahili sifa kubwa. Mitindo yake ni faili za CSL (lugha ya kuandikia mitindo ya marejeleo), zipo zaidi ya 10,000, na unaweza kuzihariri. Fungua mtindo unaokaribiana na matakwa ya jarida, tafuta sehemu ya locale (mipangilio ya lugha), na kati ya terms (maneno yake) ongeza mistari hii:

<term name="et-al">na wenzake</term>
<term name="in">katika</term>

Ihifadhi kwa jina jipya na kitambulisho (ID) kipya. Usipobadilisha kitambulisho, mtindo wa asili ukisasishwa utafuta kazi yako yote.

Ndani ya Word, namba ya ukurasa na maneno ya mwanzo kama "taz." huongezwa kwa kubofya dondoo kwenye kisanduku cha Zotero. Ukiyaandika moja kwa moja kwenye matini, Zotero itakuuliza kama uyahifadhi. Ukikubali, dondoo hiyo haitasasishwa tena. Tena, msishirikiane na mwenzako kwa kufungua faili la Word katika Google Docs na kulirudisha. Viunganishi vinakufa. Kwenye mipangilio kuna amri ya kuhamisha andiko kwenda programu nyingine, itumieni hiyo.

Nafasi ya bure ya faili kwenye seva ya Zotero ni MB 300, na PDF huijaza upesi. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Asiyetaka kulipa azime ulandanishaji (sync) wa mafaili tu, aache wa taarifa, kwani huo hauna kikomo. Lakini folda ya data ya Zotero isiwekwe ndani ya Dropbox au Google Drive, hifadhidata huharibika. Bila intaneti, Word na Zotero vinaendelea kufanya kazi pamoja, jambo la maana sana kwa anayenunua bando. Na chanzo chako kikiwa kimebatilishwa na jarida lililokichapisha, Zotero hukuonya kwa kutumia orodha ya Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizobatilishwa. Kwa onyo hilo peke yake ningeitumia.

Kabla ya kutuma, hifadhi andiko kwa jina jingine, kisha kwenye nakala hiyo bonyeza "Unlink Citations" ili dondoo ziwe matini ya kawaida. Mifumo mingine ya kupokea miswada huvuruga zile zilizo hai. Amri hii haina kurudi nyuma. Wahakiki wa jarida wakikurudishia makala na kutaka vyanzo viwili vya ziada, utafanyia kazi ile nakala ya kwanza.