Darasa la vitambaa vya angani, Nairobi: nyota nne

Binti yangu alienda kudansi akining'inia kwenye kitambaa kirefu kilichofungwa darini, mimi nikaenda kukagua vyuma. Kabla ya yeyote kupanda, mwalimu alikipitisha kitambaa chote mkononi akitafuta tundu, kisha akatazama karabina, kiungo kinachoshikilia kitambaa: ya chuma, imeandikwa 25 kN (kilonewtoni), yaani inahimili kama tani mbili na nusu, kifuli kimekazwa. Si mbwembwe, mtu akijiachia ghafla, dari huvutwa kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wake. Pete na hereni zilivuliwa. Kudondoka kwa makusudi ukiwa umejizungushia kitambaa hawafundishi mpaka mtoto aweze kuutoa mguu wake kitambaani mwenyewe, karibu na sakafu. Kasoro ni godoro: nene kweli, lakini moja tu, na wakipanda wawili mmoja ananing'inia juu ya saruji. Muhula nimelipia, ila godoro la pili nalidai kila Jumamosi.