Kinywaji cha mtoto wa shule: kipi kiingie mkobani, kipi kibaki dukani

Ulimi wa binti yangu ulirudi nyumbani ukiwa wa kijani. Yuko Gredi 2, na rafiki yake alikuwa amemnunulia barafu ya shilingi kumi nje ya lango la shule. Nilimsugua kwa mswaki mara mbili, kijani hakikuondoka hadi kesho yake. Jumamosi nikaenda supamaketi, nikasimama mbele ya rafu ya vinywaji nikisoma maandishi ya nyuma ya chupa moja baada ya nyingine, mpaka soja wa mlangoni akaja kusimama karibu nami. Mpangilio huu wa vinywaji, kuanzia cha kwanza kuingia mkobani hadi cha kubaki dukani, ulianzia hapo, nikawa naurekebisha muhula mzima kwa kuangalia chupa iliyorudi tupu na iliyorudi imejaa.

Kwanza tumalizane na zile jumbe za WhatsApp. Katika kikundi cha wazazi wa darasa letu hakikosekani mtu wa kusambaza picha ya chupa: "Hii imepigwa marufuku Ulaya!" Mara nyingi huwa ni nusu ya ukweli. Chukua rangi ya manjano ya tatrazini, namba E102 (namba za E ndizo Ulaya hutumia kutambua rangi na viungo vinavyotiwa katika chakula), au ile ya machungwa, E110. Ulaya hazijapigwa marufuku. Tangu Julai 2010, kinywaji chenye rangi hizo, au nyingine nne za kundi lake, lazima kiandikwe onyo kwamba huenda kikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Chanzo ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliochapishwa mwaka 2007, ambapo watoto walinyweshwa mchanganyiko wa rangi pamoja na kihifadhi cha benzoeti. Kwa kuwa vilichanganywa, haikuwezekana kuonyesha kidole rangi moja na kusema ndiyo hii.

Ukigeuza upande wa pili, mambo yanapinduka. Rangi nyekundu E122 na E124 zinaruhusiwa Ulaya na onyo lake, lakini Marekani hazimo kabisa katika orodha ya rangi za chakula. Saiklameti, utamu bandia wenye namba E952, ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1969 baada ya panya wa maabara kupata uvimbe kwenye kibofu, ilhali Ulaya ingali inatiwa vinywajini. Titani dayoksaidi, E171, ile nyeupe inayofanya kinywaji kionekane kizito kama kina nyama ya tunda, ilisimamishwa Ufaransa mwanzoni mwa 2020 na Umoja wa Ulaya mzima mwaka 2022, kwa hoja kwamba haiwezi kuondolewa shaka ya kudhuru vinasaba. Uingereza na Marekani zilisoma utafiti uleule zikaendelea kuiruhusu. Sasa mzazi wa Kayole, Nairobi, afuate marufuku ya nani?

Mimi niliacha kufuata marufuku za watu, nikashika kipimo kimoja: rangi hutiwa mahali pa tunda. Embe halihitaji kupakwa manjano. Kadiri orodha ya rangi inavyorefuka ndivyo tunda linavyopungua, na nafasi ya tunda huwa imejazwa sukari au utamu bandia. Kwa hiyo nimepanga kwa kuangalia tunda, sukari, halafu rangi. Kama lebo haina namba ya E, tafuta namba ya CI, yaani namba ya rangi katika orodha ya kimataifa ya rangi: 19140 ni tatrazini, 15985 ni E110, 14720 ni E122, 16255 ni E124.

Nafasi ya kwanza nimeipa kinywaji cha kutengeneza nyumbani, na ndani yake mshindi ni ukwaju. Pasheni inafuata, halafu ndimu. Nasema ukwaju kwa sababu za kivivu kabisa: hauhitaji blenda, stima ikipotea haijalishi, na ukwaju mkavu hukaa kabatini wiki nyingi. Loweka usiku kwa maji moto, vuruga kwa mkono, chuja, weka sukari kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe. Mimina kwenye chupa ya shule, acha nafasi kidogo juu, weka kwenye friza. Saa nne, wakati wa mapumziko, huwa imeyeyuka nusu, na hapo ndipo watoto huipenda.

Binti yangu aliukataa wiki ya kwanza. "Mama, hii ina rangi ya matope." Hakukosea. Nikamwekea kipande cha bitiruti chenye ukubwa wa kidole gumba kwenye chujio, ukatoka mwekundu kuliko chochote kilichoko dukani. Tangu siku hiyo chupa hurudi tupu.

Embe nimeliweka nyuma kidogo kwa sababu ya kuvundikwa. Ukinunua soko la Marikiti au kwa mama mboga, jihadhari na lile ambalo ganda lote ni la manjano sawasawa na ndani bado ni gumu na chachu. Huenda limevundikwa kwa kabaidi, kemikali ya kuivisha haraka ambayo mara nyingi huja na mabaki ya aseniki, ambayo ni sumu. Mama mboga wangu huniambia ukweli nikimuuliza kwa upole: "Kastoma, hizi zimelazimishwa, ngoja za kesho." Na usiongeze sukari kwenye juisi ya embe. Iliyomo inatosha.

Nafasi ya pili ni boksi lililoandikwa juisi asilimia 100. Hapa rangi hakuna, cha kuangalia ni sukari ya tunda lenyewe, ambayo katika kikombe kimoja inaweza kukaribia ya soda. Nusu kikombe na nusu maji inatosha, na bei yake pia inakulazimisha kuwa na kiasi.

Ya tatu ni nekta, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipigwa. Nilinunua boksi la lita moja lenye picha ya machungwa yamekatwa, umande unatiririka. Nyumbani nikavaa miwani: tunda asilimia 5. Neno la mbele halikuwa juisi wala nekta, lilikuwa "kinywaji chenye ladha". Maneno haya hayalingani. Kwa kanuni za Codex, viwango vya kimataifa vya chakula ambavyo nchi nyingi hutungia viwango vyao, nekta ya chungwa lazima iwe na tunda asilimia 50 angalau, na ya embe 25. Kinywaji chenye ladha hakidaiwi hivyo. Kwa hiyo nekta ipite. Ndugu yake wa asilimia 5 nampeleka huko chini.

Nafasi ya nne, na najua nitagombana na watu, ni soda nyeupe ya ndimu. Haina rangi. Ina sukari, na nyingi: chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida huwa na gramu 30 hivi, vijiko saba au vinane vya chai. Lakini haikudanganyi kuwa ni tunda. Nainunua siku ya sherehe, na watoto wanajua ni ya sherehe. Soda ya machungwa haifuati hapa. Geuza chupa uone kama E110 imo, na kama imo irudishe rafuni.

Ya tano ni juisi ya kuongeza maji, ile chupa kubwa iliyo katika karibu kila nyumba ya mtaa. Inapendwa kwa bei, na siwezi kumlaumu mzazi mwenye watoto wanne. Shida yake ni mkono wa mmiminaji. Lebo inasema sehemu moja kwa maji sehemu tano, labda sita. Mtoto wa miaka minane akijimiminia mwenyewe huweka nusu kwa nusu. Hapo amezidisha sukari, rangi na utamu bandia mara tatu bila kujua.

Tupige hesabu ya saiklameti peke yake. Kamati ya kisayansi ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ana nafasi ya miligramu 140. Ulaya huruhusu hadi miligramu 250 kwa lita ya kinywaji kilicho tayari kunywewa. Kama chupa yako imefika kikomo hicho na imechanganywa sawasawa, mtoto anamaliza nafasi yake kwa mililita 560. Chupa moja ya shule na kikombe kimoja jioni. Ikichanganywa nzito mara tatu, ni chini ya mililita 190, yaani haifiki hata kikombe. Ukiinunua basi, tafuta isiyo na E952, tumia kikombe cha kupimia, na chupa ikae juu ya kabati.

Ya sita ni juisi ya unga ya pakiti. Hapa ndipo nilipoikuta E171 mara nyingi, pamoja na rangi mbili au tatu. Yule wa asilimia 5 nimemweka jirani yake.

Ya mwisho ni barafu za karatasi na mabuyu mekundu yasiyo na lebo. Sisemi ni sumu. Mabuyu nimeyala tangu utotoni na nitayala tena, ila nayanunua kwa mtu anayeniambia ametia rangi gani. Barafu ya kijani kile, kwa kawaida, ni manjano iliyochanganywa na bluu, lakini haikuwa na jina la mtengenezaji, tarehe, wala nembo yoyote. Huwezi kuhesabu miligramu za kitu kisichoandikwa.

Kuhusu nembo: alama ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, haimaanishi kwamba hakuna rangi, inamaanisha kinywaji kimepimwa kwa kiwango cha hapa Kenya. Lakini alama yenyewe hughushiwa. Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma ujumbe wa SM#, ikifuatwa na namba hiyo, kwenda 20023, ulinganishe jina la bidhaa utakalojibiwa na lililo kwenye chupa mkononi mwako. Fanya hivyo ukiwa bado dukani, kabla ya foleni ya kulipia. Soja atakuja kusimama karibu nawe. Msalimie tu uendelee kusoma.