Ofisi za ajira za vyuo vikuu Uganda: wasifu unapendeza, mhitimu bado yuko nyumbani

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akiingia ofisi ya ajira ya chuo chake, awe Kampala, Mbarara au Gulu, kwa kawaida atakuta huduma nne: kusahihishiwa wasifu, semina ya usaili, ubao wa matangazo, na siku moja ya waajiri kwa mwaka. Tumezipima kwa swali la kibahili: je, anatoka na kitu ambacho asingekipata kwa rafiki mwenye kompyuta?

Kwenye wasifu, mara nyingi jibu ni ndiyo. Msahihishaji anayeijua kazi yake hushusha kurasa tano hadi mbili, huondoa dini, kabila na ile orodha ya "kusoma, kusafiri na kupata marafiki", kisha humfanya mwanafunzi aandike alichofanya hasa. "Nilisaidia idara ya fedha" haimwambii mwajiri chochote. "Nililinganisha stakabadhi na taarifa ya benki kila Ijumaa" inamwambia. Kasoro ni kiolezo kimoja kinachogawiwa darasa zima: meneja akikuta aya ileile ya malengo kwenye maombi kumi, yote kumi anayaweka kando.

Semina ya usaili haifikii hapo. Saa nzima inaishia kwenye tai, viatu na namna ya kukaa, ilhali kwa nafasi nyingi za wahitimu serikalini mwombaji huchujwa kwanza kwa mtihani wa maandishi wa Tume ya Utumishi wa Umma. Huko hakuna anayetazama viatu. Kinachowaangusha wengi ni muda: wanang'ang'ania swali la asilimia hadi karatasi inakusanywa. Dawa yake ni rahisi. Ukumbi mmoja, saa ya ukutani, maswali ya hesabu, mantiki na ufahamu, bila kikokotoo, kila wiki mbili kuanzia mwaka wa pili.

Pengo kubwa kuliko yote, tena ofisi nyingi hata haziliangalii, ni makaratasi. Tuseme cheti cha UCE (kidato cha nne) kina majina matatu, cha UACE (kidato cha sita) kina mawili, na kitambulisho cha taifa kina herufi moja ya ziada. Miaka yote ya masomo hakuna aliyejali. Siku ya kuhakiki vyeti, mwombaji anaambiwa alete hati ya kiapo au akarekebishe jina NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu, na nafasi haimsubiri. Ofisi ingeweza kuwaita wanafunzi wa mwaka wa pili, kila mmoja na vyeti vyake mezani, ikalinganisha majina na tarehe za kuzaliwa kwa dakika tano kila mtu. Sambamba na hilo kuna tatizo la transkripti, yaani hati rasmi ya matokeo ya chuo: matokeo yanasubiri seneti ya chuo, tangazo la kazi linafungwa mapema. Hapo inatakiwa barua ya msajili inayothibitisha kwamba masomo yamekamilika, na ni kazi ya ofisi ya ajira kuiomba kwa kundi zima badala ya kila mtu kupanga foleni peke yake. Tume za Utumishi za Wilaya nazo zimezoea kutaka fomu ya maombi katika nakala tatu, pamoja na vivuli vya vyeti vilivyothibitishwa. Hatujaona sababu ya mhitimu kuligundua hilo siku ya mwisho, akiwa juu ya bodaboda.

Ubao wa matangazo tuuache. Nusu ya yaliyobandikwa yamekwisha muda.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo injini halisi ya ajira, na ndiyo yanayoendeshwa ovyo. Katika programu nyingi ni wiki 8 hadi 10, zikiangukia likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Kila chuo hutoa wanafunzi wake wakati uleule. Kila mmoja anapewa barua ya "kwa anayehusika" akazunguke nayo maofisini. Mwenye mjomba ndani anaingia. Asiye naye anaishia kwenye duka la kutoa kopi, na kitabu chake cha kumbukumbu kinajaa sentensi moja: "nilisaidia kazi za ofisi." Ofisi ya ajira inapaswa kuomba nafasi mapema, Februari au Machi, kwa karatasi ya ukurasa mmoja: wanafunzi wangapi, wanaweza kutumia programu gani, tarehe za kuanza na kumaliza, kazi tatu wanazoweza kupewa, na nani wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Mwajiri hukubali haraka zaidi anapojua hatabebeshwa mzigo.

Kisha kuna ziara ya mhadhiri. Anafika mara moja, anasaini, anaondoka. Angemuuliza bosi maswali mawili tu, "Ungemwajiri huyu? Kama hapana, amepungukiwa nini?", na majibu yakarudi idarani yameandikwa, chuo kingepata habari za soko la ajira kwa bei ya nauli.

Siku ya waajiri ina vipeperushi vizuri na kalamu za bure.

Jambo moja dogo linalosahaulika: mipaka. Malaba, Busia, Mutukula na Elegu kuna kazi za forodha, usafirishaji na maghala ambako Kiswahili ni chombo cha kazi, na kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha. Tangu 2005 katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini mshauri wa ajira anayemwuliza mwanafunzi kama anakizungumza ni nadra.

Kwa ujumla ofisi hizi tunazipa alama 4 kati ya 10, na 3 kati ya hizo ni za wasifu. Unayekwenda wiki hii, usiende kuomba ushauri wa jumla. Beba tangazo halisi la kazi, vyeti vyote na kitambulisho, na namba za wadhamini watatu uliokwisha kuwaomba ruhusa. Omba wasifu usahihishwe dhidi ya tangazo hilo, kisha vyeti viunganishwe kuwa faili moja la PDF lenye jina lako, maana picha kumi na mbili za simu zikitumwa mojamoja hakuna atakayezifungua. Na ukipewa namba ya "wakala" anayetaka ada ya usajili kwa pesa za simu, usimtumie hata shilingi.