Soko la Jumamosi kwa bustani, Nakuru: nyota tatu, ya nne wameiziba wenyewe

Nilienda kununua nyanya tu nikatoka baada ya masaa mawili, kwa hivyo wacha niseme yangu. Ni ile bustani karibu na stagi yenye miaka yote imekuwa ya walevi kulala na watu kuanika nguo, sahi kila Jumamosi ni soko.

Chenye wamefanya poa ni miti. Mijakaranda ya zamani haijaguswa hata moja, vibanda vimefuata kivuli na kila shina limejengewa kaukuta ka kukalia, sasa mtu anakaa hapo na chai ya thelathini, macho yanatembea, mara anaona sufuria, mara viatu vya mtoto, akiinuka mfuko umeshakuwa mwepesi. Mimi ni shahidi.

Vumbi sasa. Nakuru jina lenyewe ni la Kimaasai, mahali pa vumbi, na bado mtu akakaa chini akaamua njia zote ni murram, hata kokoto hakuna. Saa nane upepo ukishaamka chapo inaliwa na mchanga. Halafu majiko ya mahindi choma wameyaweka upande ule ule upepo unatokea, moshi wote moja kwa moja kwa mitumba, nilinunua shati nikafika nyumbani naulizwa nyama nilikula na nani.

Lakini kosa lenyewe ni ua. Kule nyuma kulikuwa na shimo kwa ua wa kayaba, watu wa mtaa wakishuka stagi walikuwa wanakatia hapo kwenda nyumbani, na ukifikiria vizuri hao ndio walikuwa wamebaki wakitumia hiyo bustani hata ikiwa imeoza hivyo. Waliochora soko wakaliziba na mabati wakaacha geti moja tu mbele barabarani. Sasa wa mbele wanauza mpaka chenji inawaishia, wa nyuma wanapiga miayo, na ada ya kibanda ni moja. Kuna shosho huuza managu na kunde kule mwisho kabisa, nikamuuliza biashara iko aje akacheka, "Mjukuu, mimi nalipia kivuli tu."

Na si eti hana kitu kizuri. Managu ni kama dania, hakuna mtu hutoka nyumbani akiipangia safari, unainunua ju umepita karibu nayo. Wangefungua kageti pale pale kwa shimo, hata ka mkokoteni mmoja, mtaa mzima ungekuwa unapita katikati ya vibanda jioni na wa nyuma wangekuwa wa mbele kwa wale wanatoka upande wa pili.

Choo ni kimoja, kumi bob, maji iko, sina neno. Bebeni kikapu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na hapa hawakubembelezi, utauziwa ya kitambaa.

Ukienda, enda kabla ya saa sita upepo haujaanza, na usiishie getini. Pitiliza mpaka kwa mabati, fungu la managu la shosho ni karibu mara mbili ya lile la mbele na bei ni ile ile ishirini.