Seva ilikuwa hai, mlango ndio uliofungwa: uzoefu wangu na hifadhidata ya kukodi

Nilipanga kuandika haya nikishapoa. Wiki kadhaa zimepita na sijapoa, basi acha niandike hivi hivi.

Nimekodi hifadhidata ya MySQL kwa kampuni moja inayokodisha seva. Jina silitaji; aliyewahi kufungua tiketi kwao atawatambua kwa majibu yao. Programu yangu ni ya kusimamia stoo na ina sehemu mbili. Moja inasakinishwa kwenye kompyuta za watu wa kaunta wanaopokea na kutoa mzigo. Nyingine ni ya wavuti, mameneja wanaifungua kwenye kivinjari kuangalia ripoti. Zote mbili zinasoma hifadhidata ileile. Ile ya wavuti inakaa humo humo kwa hao jamaa, jirani kabisa na hifadhidata. Ya kompyuta inatoka nje, inapita intaneti, inabisha hodi kwenye poti 3306, mlango wa mtandao ambao MySQL husikiliza kwa kawaida. Naomba msomaji ashike tofauti hiyo, kwa sababu mhudumu wao alishindwa kuishika kwa siku mbili nzima.

Asubuhi moja katikati ya wiki simu zikaanza kulia. Tawi la kwanza limekwama. La pili nalo. Kabla ya saa nne matawi yote matano yalikuwa yanaandika mzigo kwenye daftari. Nikafungua programu ya wavuti, nikaikuta inapepea kama kawaida, ripoti zinakuja. Nikajaribu ya kompyuta: inazunguka, inazunguka, kisha kosa 2003 na kwenye mabano namba 10060.

Namba hizi si mapambo. Ukikosea nywila, MySQL inakuambia 1045: umefika mlangoni, umefunguliwa, umetaja jina, umekataliwa. Ukitokea kwenye anwani ambayo hifadhidata haiitambui, unapata 1130: umefika, lakini mwenyeji hataki watu wa huko utokako. Kama seva ipo ila hakuna programu inayosikiliza kwenye ile poti, Windows inakupa 10061, yaani umekataliwa papo hapo. Lakini 10060 ni kimya. Umepiga hodi, umesubiri mpaka muda umekwisha, na hakuna aliyeitika wala aliyekufukuza. Mara nyingi maana yake ni kwamba fayawoli iliyo njiani, yaani mlinzi anayechuja wanaoingia kwenye mtandao, inazitupa pakiti zako (vipande vya data unavyotuma) bila kukujibu.

Nikafungua tiketi. Niliiandika kwa adabu na kwa ukamilifu. Nikaeleza kwamba matawi matano, kwenye mitandao mitano tofauti, yamekatika kwa wakati mmoja. Nikaeleza kwamba anwani za IP za matawi hazibadilikabadiliki na zote zimo kwenye orodha ya walioruhusiwa katika paneli yao, tena zina alama ya kijani. Nikaongeza jambo ambalo naamini lingetosha peke yake: jina la seva ni lilelile, lakini nilipoliuliza kwa nslookup, amri inayoonyesha jina la seva linaelekea anwani gani, likanirudishia anwani tofauti na ile iliyokuwa kwenye kumbukumbu zangu za juzi. Niliandika waziwazi, "Je, mmehamisha hifadhidata yangu kwenda seva nyingine?"

Jibu lilikuja baada ya saa kadhaa. "Ndugu mteja, tafadhali hakikisha nywila yako ni sahihi."

Nywila! Nikajibu kwamba kosa la nywila ni 1045, mimi ninapata 10060, sijafika hata pa kuulizwa nywila. Likaja la pili: "Ndugu mteja, tumeona tovuti yako inafanya kazi, hivyo hifadhidata yetu haina tatizo. Wasiliana na mtoa huduma wako wa intaneti." Watoa huduma watano, wakatike saa moja, kwenye poti moja, kuelekea seva moja? Nikamwandikia tena, sasa kwa sentensi fupi kama ninayemfundisha mtoto kusoma: tovuti iko ndani ya mtandao wenu, haipiti kwenye fayawoli ya nje; kompyuta za matawi zinapita. Naomba mkague fayawoli ya nje. Akanijibu, na maneno haya nimeyahifadhi: "Sisi hatufundishi wateja programu. Kama hujui kuunganisha, tafuta mtaalamu."

Nimekuwa nikiunganisha programu na hifadhidata za mbali miaka mingi. Nimeshagombana na dereva za ODBC (programu ndogo zinazounganisha programu na hifadhidata) za biti 32 zinazokataa kuonekana na programu ya biti 64. Nimeshapoteza siku nzima kwa sababu MySQL 8.0 ilikuja na utaratibu mpya wa kuthibitisha nywila ambao dereva za zamani haziuelewi. Ninajua pia kwamba ukiandika "localhost" kwenye Linux, MySQL inapitia soketi ya ndani, njia ya mkato ndani ya kompyuta yenyewe, lakini ukiandika 127.0.0.1 inapitia TCP, njia ya mtandao, na mtu asiyejua hilo anaweza kuhangaika mpaka usiku. Kutokujua jambo si aibu, nami yapo mengi nisiyoyajua. Kilichoniumiza ni kuambiwa sijui na mtu ambaye hakusoma nilichoandika.

Jibu la nne ndilo lililonifanya nisimame kwenye kiti. Alinishauri nifute orodha ya anwani zangu zote na niweke alama ya asilimia, yaani mtumiaji wa hifadhidata akubaliwe kutoka popote, halafu kwenye fayawoli niruhusu dunia nzima. "Wateja wengi wanafanya hivyo na hawana shida."

Huyu ni mtu anayelipwa kulinda data za watu. Tarehe 25 Januari 2003 SQL Slammer, programu haribifu inayojisambaza yenyewe, ilipita kwenye seva za Microsoft SQL Server zilizoachwa wazi kwenye intaneti kupitia poti 1434, na ndani ya dakika kama kumi ilikuwa imeambukiza sehemu kubwa kabisa ya zile zilizokuwa na ule udhaifu, makumi ya maelfu. Kiraka cha kuziba udhaifu huo kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Ndiyo, ile ni hifadhidata nyingine na mimi natumia MySQL, lakini poti iliyo wazi ni poti iliyo wazi. Ndani ya hifadhidata yangu mna majina na namba za simu za wateja wa watu walioniamini. Nikakataa, nikamwambia kwa nini nakataa. Tiketi ikakaa kimya mpaka kesho yake.

Siku ya pili watu wa kaunta bado wanaandika kwa kalamu. Meneja mmoja, mama mtu mzima ambaye hajawahi kunipandishia sauti, alinipigia akasema tu, "Mwanangu, leo nako hivyo hivyo?" Sikuwa na la kumjibu. Bora angenifokea.

Usiku wake nikaandika tena, bila matumaini, na safari hii akajibu mtu mwingine. Aliniuliza swali moja tu: "Anwani mpya unayoiona ni ipi?" Nikamtumia. Haikupita robo saa akarudi. Ni kweli walihamisha hifadhidata usiku wa kuamkia siku ya tatizo. Data zilihama salama, watumiaji na ruhusa zao wakahama salama, jina likaelekezwa kwenye seva mpya. Orodha ya anwani zilizoruhusiwa kwenye fayawoli ikabaki kwenye seva ya zamani. Paneli iliendelea kuonyesha kijani kwa sababu inasoma orodha ilivyoandikwa, haiulizi fayawoli kama kweli inaitumia. Akaihamisha, akaniomba nijaribu. Ikaunganika mara moja. Akaniambia pole kwa usumbufu, na nikaona kwamba anamaanisha.

Kwa ajili ya huyo mtu wa usiku nilikuwa tayari kuwapa nyota tano, na bado sijui niiweke wapi shukrani yangu. Nikitulia nakiri pia kwamba huduma yenyewe ni imara. Kwa muda wote niliokaa nao data haijapotea hata safu moja. Bakapu zao nimezijaribu kurejesha, zinarejea. Muunganisho umesimbwa kwa TLS bila kuhangaika na cheti. Kasi inaridhisha, ingawa hilo ni jasho langu pia: kwenye hifadhidata ya mbali kila swali linasafiri kwenda na kurudi, na skrini moja yenye maswali mia mbili ya milisekunde 150 kila moja inamkalisha mtu nusu dakika. Nilishayakusanya maswali hayo zamani.

Na kuna wenzangu wataniambia programu ya kompyuta haikupaswa kugusa hifadhidata moja kwa moja. Iongee na API, yaani programu ya kati inayopokea maombi na kuyapeleka kwenye hifadhidata, kwa HTTPS kwenye poti 443, na hifadhidata ijifiche ndani. Nakubali kabisa. Ukiweka nywila ya hifadhidata ndani ya programu iliyotawanyika kwenye kompyuta za watu, umeigawa nywila. Ndiyo kazi ninayoifanya sasa, na tawi la kwanza limeshahamia huko. Kwa matawi mengine nimefungua handaki la SSH, yaani njia iliyosimbwa, kupitia seva ndogo niliyokodi kwingine, hivyo anwani inayogonga kwao ni moja tu. Lakini hilo haliwasafishi. Wao wenyewe wameandika kwenye ukurasa wao wa mauzo kwamba wanatoa muunganisho wa mbali, na mimi ninaulipia.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu hapa. Mbili za mitambo na moja ya yule wa usiku. Nikasema nirudi kwenye tiketi niinukuu vizuri ile sentensi ya "tafuta mtaalamu", ndipo nikaona jinsi ilivyofungwa. Yule wa mwanzo ndiye aliyeifunga, asubuhi baada ya mwenzake kuondoka zamu. Sababu aliyojaza: "Mteja amerekebisha mipangilio upande wake."

Upande wangu sikugusa kitu. Hata herufi moja.

Mkataba unaisha mwezi ujao. Nakala nzima nimeitoa kwa mysqldump, nimeipandisha kwenye seva ya kampuni nyingine, nimehesabu safu za kila jedwali na zimelingana. Nyota moja, na hiyo ni ya mtu wa usiku.